Siku Baba Alipopuliza Maji Redioni

Jumanne ya tatu ya mwezi wa Februari, mwaka huu, tulimpoteza baba. Alifia nyumbani kwetu Voi, asubuhi, akiwa ameketi kitini anafunga kamba za viatu. Tangu siku hiyo, kila ninapopita sokoni nikakutana na harufu ya kabichi zilizokaa juani, harufu tamu kidogo na kali kidogo, narudi kwenye likizo moja ya Agosti nilipokuwa na miaka tisa. Kwa watu wengine hiyo ni harufu ya uchafu tu. Kwangu ni harufu ya siku zile ambazo watu wa Voi walikataa kununua kabichi za baba yangu, kwa sababu ya maneno aliyoyasema redioni juu ya wachezaji wenzake wa zamani. Kwenye matanga nilisikia watu wakiisimulia habari hiyo. Wengine waliipunguza, wengine waliitia sukari. Mimi nitaieleza nilivyoiona, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Baba aliitwa Mwadime, lakini mjini walimwita Kiberiti, kwa vile alivyokuwa akiwaka ghafla mbele ya lango. Alichezea timu ya taifa mpaka goti likamkataa, akarudi nyumbani, akaanza kuuza mboga alizoletewa kutoka Werugha, kule milimani kwa mama yake, ambako ukungu hushuka mpaka mlangoni na kabichi huwa na baridi hata mchana. Kibanda chake kilikuwa karibu na mlango wa soko. Watu walinunua kwake, wakakaa kidogo wakizungumza mpira, wakaondoka na karoti moja ya bure. Kwa kinyozi Salim, hatua chache kutoka hapo, kulikuwa na picha ya timu kwenye fremu, wanaume kumi na mmoja waliovaa kaptura fupi sana, wa mbele wamechuchumaa. Wawili kati yao walikuwa wa kwetu. Mmoja alikuwa baba. Wa pili alikuwa kipa aliyeitwa Komeo, mtu wa Mata, upande wa Taveta karibu na mpaka. Salim aliifuta picha hiyo kila asubuhi kabla ya kufuta kioo.

Kila mtu aliyeingia pale alijua habari ya mechi moja. Timu yetu ilihitaji sare tu ili iende kwenye mashindano makubwa. Zilikuwa zimebaki dakika chache, ikapigwa krosi, wakafungwa, wakabaki nyumbani. Nilizaliwa baada ya mechi hiyo na bado niliijua kama mtu anavyojua njia ya kwenda mtoni. Mashabiki wa Voi walikuwa wamemlaumu refa, wakalaumu mvua, wakalaumu chakula cha hotelini. Wachezaji hawakulaumiwa hata siku moja. Mtu akianza kumnyooshea kidole mchezaji, Salim alimnyamazisha: "Hao ni wetu, bwana. Chako hukitupi." Na baba, ambaye alikuwepo uwanjani, ndiye pekee aliyekuwa hasemi lolote juu ya siku ile. Akiulizwa alipanga upya nyanya zake kwenye meza.

Mwaka huo habari zilifika kwamba mguu wa Komeo umevimba na hatembei. Hospitali ilimpa dawa, uvimbe ukapungua, ukarudi. Nyanya yangu, mama yake baba, alipozisikia aliteremka kutoka Werugha akiwa na gunia la kabichi na swali. Alimkalisha baba jikoni, mimi nikiwa nachambua maharagwe, akamuuliza, "Una neno na yule mtu wa Mata?" Baba akasema hana. Nyanya akarudia. Baba akatazama moto. Mara ya tatu akasema, "Ninalo. Na wengine pia. Tangu siku ile."

Hapa lazima nieleze jambo letu sisi Wadawida, kwa sababu bila hilo hadithi hii ni ya mtu mwenye mdomo mchafu tu. Wazee wetu waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni haikai kimya. Hata kama mwenye nayo hataki ubaya, inaweza kwenda kumkalia yule aliyekasirikiwa, akaugua, au ng'ombe wake wakakosa maziwa. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anasema waziwazi lililomkaa moyoni, bila kulipamba, anachukua maji au pombe ya miwa mdomoni, anaipuliza nje kwa nguvu, pfuuu, kisha anawatakia mema wale aliowakasirikia. Siku hizi ni wachache wanaofanya. Nyanya alikuwa mama wa kanisa mwenye kilemba cheupe, na mchungaji hakupenda mambo hayo, kwa hiyo yeye alifanya kwa maji matupu na kumaliza kwa amina. Alimwambia baba aende Werugha Jumapili, wakae watu wa nyumbani, atase, yaishe. Baba akakubali. Lakini kabla ya Jumapili kuna Jumamosi, na Jumamosi hiyo redio moja ya pale Voi ilikuwa imemwalika aje kuzungumzia mpira wa zamani.

Mama alikuwa amenituma kwa Salim nimpeleke mdogo wangu Mghanga akanyolewe kabla ya shule kufunguliwa. Kwa hiyo mimi niliyasikia maneno ya baba nikiwa miongoni mwa mashabiki wake, nimekaa kwenye benchi, miguu haifiki chini. Kwa kinyozi kulikuwa kumejaa. Walikuwepo vijana wa baiskeli za mizigo, mzee mmoja mstaafu wa reli, na fundi viatu aliyehamisha kazi yake mlangoni ili asikie. Mtangazaji aliuliza maswali ya kawaida, baba akajibu ya kawaida. Kisha akaulizwa, "Mzee Kiberiti, hebu tuambie, siku ile ilikuwaje?" Kukawa na kimya kirefu mpaka Salim akadhani redio imeharibika, akaipiga kofi.

Baba akaanza kusema. Alisema nahodha wao alikuwa amelala alfajiri na alicheza kama mtu anayetafuta kitanda. Alisema winga wao alikuwa akicheza kwa ajili ya wasichana wa jukwaani, kila akipata mpira anajitengeneza nywele kwanza. Watu wakacheka, mzee wa reli akajipiga paja. Alisema beki wa kati aliogopa kuumia kwa sababu alikuwa anatafuta timu nje ya nchi. Kicheko kikapungua. Kisha akasema, "Na kipa wetu, ndugu yangu wa huku huku kwetu, ile krosi ya mwisho alitoka langoni kama mtu anayekwenda kuangalia kama mvua imekatika." Hakuna aliyecheka. Halafu tukasikia glasi ikigongana na kitu, na sauti kubwa, karibu kabisa na kipaza sauti: pfuuu! Mara likaingia tangazo la mbolea.

Mashine ya Salim ilikuwa imesimama katikati ya kichwa cha Mghanga. Fundi viatu ndiye aliyesema kwanza. "Ametema mate. Mumesikia? Amewatemea mate wenzake hewani." Kijana mmoja wa baiskeli akasema, "Mgonjwa! Komeo ni mgonjwa, hatembei, na yeye anamtemea!" Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alisema Kiberiti amekuwa na wivu siku zote. Mwingine alisema hata hilo goti lake lilikuwa la uongo. Mzee wa reli alijaribu kuwaambia kwamba maneno yenyewe ni ya kweli, kwamba hata yeye aliona nahodha anasinzia, wakamwambia, "Kweli yako nenda kaile na ugali." Salim akasimama mbele ya picha, mashine mkononi bado inanguruma, akanitazama. Hakuwa na hasira nami. Alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha pwani, "Mwanangu, babako leo ametuvunja. Watu kumi na mmoja nimewafuta vumbi miaka yote hii, kumbe wote walikuwa wamelala?" Kisha wakarudi kubishana, na hakuna aliyekumbuka kichwa cha Mghanga. Nikamshika mkono tukatoka. Upande wa kushoto alikuwa amenyolewa mpaka ngozi, wa kulia ana nywele zote.

Mama alipomwona alisema, "Nani amekufanyia hivi?" Mghanga akajibu, "Baba." Lilikuwa jibu sahihi, ila mama hakulielewa mpaka nilipomweleza.

Jambo ambalo sikulitegemea ni jinsi baba alivyorudi nyumbani. Alirudi mwepesi. Alikuwa amenunua mkate. Alikaa, akavua viatu, akasema, "Nimemaliza. Sina haja ya kungoja Jumapili." Mama akamwuliza amemaliza nini. Akasema ametasa. Aliulizwa swali, moyo ukafunguka palepale, akaona aache kujifanya, akasema yote, akachukua maji ya glasi aliyowekewa mezani, akapuliza, halafu akawataja wote kwa majina, mmoja baada ya mwingine, akawatakia afya, na Komeo akamtakia mguu wake upone. "Hayo ya mwisho hatukuyasikia," mama alisema. "Tulisikia mbolea." Baba alidhani anataniwa. Aliponigeukia mimi, nikamwambia, "Walisema umewatemea mate." Nakumbuka alivyoushika ule mkate bila kuuweka chini.

Alirudi redioni jioni ile ile. Walimwambia kipindi kimeisha na hakikuhifadhiwa. Mtangazaji alikuwa ameona mgeni anarusha maji kwenye vyombo vya umeme, akakimbilia tangazo. Hata zulia lilikuwa bado limelowa, na baba alitakiwa aombe radhi kwa ajili ya zulia, akaomba. Lakini walipomwambia anaweza kuja Jumamosi inayofuata awaombe radhi mashabiki na wachezaji, alikataa. Nilimsikia akimwambia mama, "Naweza kuomba radhi kwa maji. Siwezi kuomba radhi kwa maneno. Nikisema nilidanganya, hapo ndipo nitakuwa nimedanganya."

Kabichi zikaanza kukaa. Wateja hawakugomba; walipita tu, wakiangalia upande wa pili kama watu wenye haraka. Mama mmoja aliyekuwa akinunua kila siku alipita na kabichi ya mtu mwingine ndani ya kikapu, ameifunika na leso. Baba aliyatoa majani ya nje yaliyonyauka, kesho yake akatoa mengine, mpaka kabichi kubwa ikawa kama ngumi. Hiyo ndiyo harufu niliyoitaja. Barabarani watoto walituita Watoto wa Mate. Mmoja, jirani yetu kabisa, aliweka utaratibu wa kufuta uso kila tukisema naye neno, anajifuta kwa kiganja na kusema, "Asante kwa mvua." Mghanga alilia. Mimi sikulia, na sisemi hivyo kujisifu. Nilikuwa na udadisi uliokuwa mkubwa kuliko aibu. Nilitaka kujua mambo mawili. La kwanza, kwa nini watu waliokuwa wakicheka maneno yale yale kwa nahodha na winga waliacha kucheka yalipofika kwa Komeo. La pili, kama Komeo kweli alitoka langoni vile. Nilikaa sokoni nikiwachunguza mashabiki kama mtoto anavyochunguza siafu. Niligundua kwamba hakuna aliyekuwa akisema baba amekosea. Walichosema ni kwamba hakupaswa kusema yeye. Refa angesema, sawa. Mzungu wa kwenye televisheni angesema, sawa.

Nyanya aliteremka tena, safari hii bila gunia. Alikuwa na sikio moja lisilosikia vizuri, kwa hiyo aligomba kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. "Mtu hutasa kwenye waya? Yale maji yaliangukia wapi?" Baba akasema yaliangukia kwenye zulia. "Zulia la nani?" La redio. Nyanya akajishika kichwa. Alisema kutasa ni mbele ya watu wanaokujua, ambao watakaa mpaka umalize, hata ukichelewa, hata mvua ikinyesha. Watu wa redioni hawangoji umalize. Sasa Komeo alikuwa amepokea hasira yote na hakupata hata chembe ya baraka, na mguu ukizidi itakuwa juu ya nani? Baba alikuwa mtu mzima mwenye goti baya na mke na watoto wawili, na niliona anaogopa. Hakuogopa kupoteza wateja. Aliogopa kwamba amemwongezea rafiki yake ugonjwa. Mpaka leo sijui kama mambo hayo yana ukweli. Najua tu kwamba yeye aliamini, na hakulala.

Siku ya tatu akaamua kwenda Mata. Mama alisema nifuatane naye, kwa sababu mtu mwenye mtoto mkononi hapigwi haraka. Tulipata nafasi kwenye lori lililokuwa likirudi Taveta tupu kuchukua ndizi, tukakaa mbele na dereva ambaye, kwa bahati, alipenda netiboli na hakujua baba ni nani. Tulipita Mwatate na Bura, milima yetu ikabaki kulia, halafu nyika kavu na ndefu ya mbuga, tembo wekundu wakiwa mbali kama vichuguu, mpaka kijani cha Taveta kikatokea ghafla. Miguuni baba alikuwa ameweka kabichi mbili nzuri kuliko zote alizokuwa amebaki nazo, amezifunga kwa gazeti.

Mke wa Komeo alitukuta kwenye uzio. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono ina utomvu wa ndizi. Alimtambua baba mara moja. "Umekuja kumalizia?" akauliza. "Ulibakisha kidogo?" Baba akasema, "Ndiyo, shemeji, kuna yaliyobaki." Yule mama akaweka mikono kiunoni na nikadhani mama yangu alikosea, kwamba hata mwenye mtoto hupigwa. Lakini kutoka ndani ya migomba sauti ikasema, "Mwache apite, huyo hajui kupita pembeni, atakuangusha." Ndivyo nilivyomwona Komeo kwa mara ya kwanza. Alikuwa kwenye kiti cha mbao, mguu umelazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, umefungwa bendeji, mkubwa kama mguu wa mtu mwingine. Kwenye picha ya Salim alikuwa mwembamba.

Baba hakukaa. Alisimama mbele yake kama mwanafunzi na kuyasema yote tena, hata yale mabaya. Nilimvuta shati, nikitaka safari hii aruke sehemu ya mvua, hakuruka. Alisema, "Nilisema ulitoka kama mtu anayekwenda kuangalia kama mvua imekatika, na ndivyo nilivyokuona, na nimekukasirikia tangu siku ile, na nilikula na wewe nikiwa nimekukasirikia. Sikutaka uumwe. Yaliyofuata walikata." Kisha akamwomba shemeji maji. Yule mama akamtazama mumewe. Komeo akasema, "Mpe, mwanawe asidhani hatuna maji." Baba akatasa pale, maji yakaangukia kwenye udongo wa migomba, akayataja yale mema yote, na mguu.

Komeo akausogeza mguu wake juu ya ndoo. Kisha akasema, "Ile ya mvua nilicheka. Nilikuwa hapa hapa, nikacheka mpaka mguu ukauma. Mke wangu ndiye hakucheka." Akajikuna kidevu. "Ni kweli, nilichelewa kutoka. Lakini krosi ilitoka wapi, Kiberiti?"

"Kulia," baba akasema. "Winga wao alipenya."

"Na mpira aliupata wapi?"

Nilimwona baba akirudi uwanjani. Macho yake yalikuwa yanatazama migomba, lakini yalikuwa yakimfuata mtu anayekimbia. Mikono yake ilisogea kidogo. "Katikati," alisema. "Kulikuwa na mtu wetu alijaribu kumpiga chenga wa pili, badala ya kutoa pasi." Komeo hakumsaidia. Kuku walipita. Mwishowe baba akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

"Ni wewe," Komeo akasema. "Winga wetu alikuwa peke yake kulia kwako, anapunga mkono mpaka bega likauma."

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Mimi nilidhani unajua."

Baba akakaa chini, kwenye udongo uleule wenye maji. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akigundua kosa lake. Ni jambo la ajabu, na halitishi kama watoto wanavyodhani. Uso wake haukuwa wa huzuni. Ulikuwa kama wa mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima, miaka yote, kumbe alikuwa amekikalia. Nilimwuliza Komeo kama yeye alikuwa na hasira na baba. Akasema, "Nilikuwa nayo mpaka tukafika kwenye basi. Halafu nikalala." Mke wake ndiye aliyebaki na hasira, na aliitoa kwa njia yake: alitupikia, lakini zile kabichi mbili hakuzigusa mpaka tulipoondoka.

Jumamosi baba alirudi redioni. Walidhani amekuja kuomba radhi, wakamwondolea glasi ya maji mapema. Akasema kwa ufupi: yale aliyoyasema ni kweli, ila aliacha la kwanza, kwamba mpira ule aliupoteza yeye, kwa choyo, na asingeupoteza hakuna ambaye angehitaji kutoka langoni. Wakati huu nilikuwa tena kwa Salim, Mghanga akimaliziwa kichwa chake, maana mama alikuwa amekataa kumnyoa mwenyewe kwa sababu za msimamo. Mashabiki wakasikiliza mpaka mwisho. Nilidhani watafurahi. Fundi viatu akasema Kiberiti ametishwa na watu wa Taveta. Kijana wa baiskeli akasema hapana, anajitafutia sifa, mtu mwongo tu ndiye anayejilaumu. Salim akaufuta wembe wake polepole na kusema, "Bora angenyamaza, jamani. Juzi tulijua tumchukie nani. Sasa tumchukie nani?" Hawakupata mtu. Walijaribu kurudi kwa refa, lakini nguvu zilikuwa zimekwisha. Siku mbili baadaye mama yule wa kikapu alisimama kwenye kibanda chetu, akaminya kabichi tatu, akalalamika kwamba zote ni ndogo, akanunua moja. Mguu wa Komeo ulipungua uvimbe mwezi uliofuata. Nyanya alisema ni kutasa. Mke wa Komeo alisema ni daktari mpya aliyebadilisha dawa. Mimi sina la kuongeza.

Sasa nina watoto wangu. Wiki ambayo baba alifariki, kulikuwa na mchezaji mwingine mstaafu, wa siku hizi, aliyewasema wenzake kwenye video fupi, na simu za vijana waliokuja matangani zilikuwa zimejaa habari hiyo. Niliyasoma maoni ya mashabiki nikiwa nimekaa na akina mama wanaomenya viazi. Yalikuwa maelfu, na lugha ilikuwa chafu kuliko yote niliyowahi kusikia kwa Salim, lakini hoja zilikuwa zilezile. Ana wivu. Yeye mwenyewe alifanya nini? Hakupaswa kusema yeye. Tofauti niliyoiona ni kwamba fundi viatu wetu alilazimika kupita mbele ya kibanda cha baba kila siku, akiona zile kabichi zinavyopungua ukubwa, na hawa hawapiti popote. Mimi sikuandika kitu. Nimekuwa na tabia moja tangu utotoni, na watoto wangu hunicheka kwa hilo: kila ninapoletewa video ya mtu anayesema wenzake vibaya, nataka kujua imekatwa wapi, na alikuwa anaelekea kusema nini.

Tulimzika baba Werugha siku ya Jumamosi, kwenye shamba lililo juu ya nyumba, ukungu ukiwa haujainuka. Walisema mambo mazuri tu. Mwanasiasa mmoja alisema baba hakuwahi kukosa lango, na watu wakaitikia amina. Kisha Komeo akaomba nafasi. Amezeeka, alikuwa ametoka Mata tangu jana yake, alipandishwa mteremko na wajukuu wawili wakimshika makwapa. Alisimama mbele ya kipaza sauti na kukisogeza mbali na mdomo. Alisema, "Kiberiti alikuwa na mguu wa kulia mkali sana. Wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Pasi alikuwa hatoi mpaka umwombe kwa barua. Alinisema vibaya redioni, halafu akaja kwangu na kabichi kunisema vibaya tena. Sijapata rafiki mwingine wa namna hiyo, na sitapata." Akarudi kukaa.

Watu walinong'ona. Kijana mmoja nyuma yangu, simu yake imeinuliwa anarekodi, akasema, "Huyu mzee hana heshima, bana." Mchungaji alifungua kitabu cha nyimbo haraka. Ndipo mama, ambaye tangu Jumanne alikuwa hajala wala kusema zaidi ya maneno machache, akacheka. Alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo na leso, akashindwa, akacheka tena mpaka machozi yakatoka, na Mghanga akamshika bega akidhani amezidiwa. "Kwa barua," mama akasema. "Kwa barua, wallahi." Wimbo ukaanza bila sisi. Ulipofika ubeti wa pili akanivuta mkono na kuniambia anasikia njaa. Nilikwenda jikoni nikamletea uji wa moto na kipande cha muhogo, akala vyote, palepale kwenye kiti, watu wakiwa bado wanaimba.